Herufi Zinazofuata Jina la Dawa

Barua za msimu huu zimetoka karibu kila pembe ya Dar es Salaam, kuanzia Bunju hadi Mbagala, na nyingi zimebeba kauli moja ambayo wasomaji wameambiwa dukani au mtaani: "dawa ni ile ile". Nimeamua kuzijibu pamoja, kwa sababu kauli hiyo inachoma mazao, inaziba mabomba na, katika barua moja iliyoninyima usingizi, imemlaza mtoto hospitalini.

Kiuatilifu hakiuzwi kikiwa sumu tupu. Kiwandani sumu yenyewe, ambayo wataalamu huiita kiambata amilifu, huchanganywa na maji, vimumunyisho vya jamii ya mafuta ya petroli, udongo laini au sabuni maalumu ili iweze kupimwa, kusafirishwa na kupulizwa. Mchanganyiko huo ndio unaoamua dawa itatulia wapi, itadumu muda gani na itaingia mwilini mwa mtu kwa njia ipi. Herufi mbili au tatu zinazoandikwa baada ya jina, kama vile EC, WP au SC, hutaja umbo hilo, nazo zina maana moja duniani kote, iwe chupa imetoka India, China au Uswisi.

Swali: Ndugu mtaalamu, salaam. Ninalima nyanya na bamia kwenye robo eka huku Bunju. Kwa nzi weupe nilizoea kutumia imidakloprid ya maji iliyoandikwa 200 SL, nikipima kizibo kimoja kwa bomba la kupulizia la lita 20. Mwezi uliopita duka la Kariakoo halikuwa nayo, nikapewa pakiti ya punjepunje za imidakloprid iliyoandikwa 70 WG. Muuzaji akasema ni dawa ile ile, niweke kizibo kile kile. Nilipofika nyumbani nikasita. Je, nilikuwa na sababu ya kusita?

Jibu: Ulikuwa nayo, ndugu yangu, na nakushukuru kwa kusita. Jina la kiambata ni lile lile, lakini namba na herufi zimebadilika, na kipimo hutegemea hizo. SL ni dawa ya maji ambayo kiambata chake kimeyeyuka kabisa kama chumvi ndani ya mchuzi, na 200 inamaanisha gramu 200 za kiambata katika kila lita. WG ni punje ambazo zikiingia majini husambaratika na kuwa unga laini unaoelea, na 70 hapa ni asilimia, maana yake ni gramu 700 za kiambata katika kila kilo. Tuseme kizibo chako kinachukua mililita 10. Kwa dawa ya zamani kilikuwa kinatia gramu 2 za kiambata ndani ya bomba. Ukitia gramu 10 za punje hizi mpya utakuwa umetia gramu 7, ambazo ni mara tatu na nusu ya ulichozoea, na nyanya hizo zitakwenda sokoni zikiwa na mzigo huo. Zile gramu 2 zingepatikana kwa punje zisizotimia hata gramu 3.

Hesabu hii nimeiweka ili uone ukubwa wa tofauti, lakini kipimo cha kufuata ni kile kilichochapishwa kwenye lebo ya pakiti uliyonayo, tena kwa zao lililotajwa hapo. Kama bamia haikutajwa, usiipulizie. Kizibo nacho kiweke kando kabisa: vizibo havilingani, na hata kikiwa kimoja, hupima ujazo, wakati punje zinatakiwa kupimwa kwa uzito. Mizani ndogo ya jikoni itakutosha, mradi isirudi tena jikoni.

Kuna jambo jingine kuhusu namba ambalo huwachanganya hata wauzaji. Namba iliyo karibu na herufi wakati mwingine ni asilimia na wakati mwingine ni gramu kwa lita, na ni juu yako kusoma maandishi madogo ili ujue ni ipi. Abamektini iliyoandikwa 1.8 EC na ile iliyoandikwa 18 EC zina nguvu sawa, kwa sababu asilimia 1.8 ni gramu 18 kwa lita. Nimekutana na mkulima aliyekuwa akipunguza kipimo cha ile ya 18 mara kumi, akiamini ni kali mno, kisha akalaumu dawa kwamba haiui. Kwa upande wake alikuwa na haki ya kulaumu, ila aliyestahili lawama ni yule aliyemuuzia bila kumweleza.

Nikuombe pia usipulizie imidakloprid wakati mimea iko kwenye maua. Dawa hiyo hupanda ndani ya mmea mzima, na nyuki hawana namna ya kuikwepa.

Swali: Nina nyanya huku Chanika. Mvua za masika zilipoleta ukungu nilichanganya mankozebu 80 WP na dawa ya viwavi yenye herufi EC ndani ya bomba moja ili niokoe muda. Nilimimina EC kwanza, nikatia unga, kisha nikajaza maji ya kisima. Mchanganyiko ukawa mabonge kama maziwa yaliyoganda, pua ya bomba ikaziba, na baada ya siku mbili majani yakawa na madoa ya kuungua. Shemeji yangu anasema nimeuziwa dawa feki.

Jibu: Huenda shemeji yako yuko sahihi, kwa maana dawa feki zipo, lakini ulichosimulia kinaweza kutokea hata kwa dawa halisi iliyotoka kiwandani jana. EC ni kiambata kilichoyeyushwa ndani ya kimumunyisho cha jamii ya mafuta ya petroli, kikaongezwa sabuni maalumu. Ukikitia majini, sabuni hiyo huyagawa mafuta kuwa matone madogo mno yanayoelea, na ndiyo maana maji hubadilika kuwa meupe kama maziwa. WP ni kitu tofauti kabisa: ni kiambata kilichosagwa pamoja na udongo laini, na unga huo hauyeyuki hata ukiukoroga kutwa, huelea tu kwa muda, kisha hushuka chini. Ulipoumwagia unga mkavu juu ya mafuta ambayo hayajakutana na maji, unga uliyanywa yale mafuta pamoja na sabuni yake, ukawa donge. Maji yaliyokuja baadaye hayakuwa na uwezo wa kulitenganisha.

Safari nyingine anza na maji hadi nusu ya bomba. Unga wa WP uvuruge kwanza pembeni kwenye kindoo chenye maji kidogo, kama unavyovuruga unga wa uji usije ukawa na madonge, ndipo uumimine bombani kupitia chujio na kukoroga. Punje za WG huingia katika hatua hiyo hiyo. Baada yake hufuata dawa ya SC kama unayo, halafu EC, na mwisho kabisa zile za SL na vinatishi, yaani vimiminika vya kuisaidia dawa ishike kwenye jani. Kila moja ikiingia, koroga kabla ya kuongeza inayofuata, kisha jaza maji. Ukiwa kazini endelea kulitikisa bomba, kwa sababu WP ikishuka chini mistari ya kwanza itapata maji matupu na mistari ya mwisho itapata dawa nzito.

Kabla ya hayo yote fanya jaribio ambalo halina gharama. Chukua chupa ya kioo au ya plastiki inayoonyesha ndani, changanya humo kiasi kidogo cha maji yako na dawa hizo kwa uwiano ule ule na kwa mpangilio niliokutajia, kisha uiache nusu saa. Ukiona mabonge, utando wa mafuta juu, au joto kwenye chupa, dawa hizo hazikubaliani na usizitie bombani. Kama lebo ya mojawapo inakataza kuchanganya, hata jaribio halina haja.

Sasa maji yako. Visima vingi vya jiji letu na viunga vyake vina maji ya chumvi au maji magumu yasiyotoa povu la sabuni upesi, na maji yanayogombana na sabuni ya kufulia hugombana pia na sabuni iliyomo ndani ya EC. Mafuta hujitenga, yakatua kwenye jani yakiwa tone zito badala ya ukungu mwembamba. Hilo, pamoja na jua la mchana, linatosha kueleza madoa ya kuungua uliyoyaona. Mimi mwenyewe niliwahi kuchoma tuta zima la nyanya kwa EC niliyopulizia saa saba mchana, wala dawa haikuwa na kosa lolote. Ukiweza, tumia maji ya mvua au ya bomba kwa EC, na upulizie asubuhi au jioni. Vikague pia vipira vya bomba lako, kwani mafuta ya EC huvilainisha na kuvitanua, kisha dawa huanza kuvujia mgongoni mwa anayepulizia.

Swali: Dawa yangu ya SC imejitenga chupani, juu maji, chini uji mzito. Imeharibika? Niko Kigamboni.

Jibu: Huenda haijaharibika. SC ni chembe ndogo sana za kiambata zinazoelea ndani ya maji mazito, na zikikaa rafuni kwa muda hushuka. Tikisa chupa kwa nguvu, ikiwa imefungwa, mpaka rangi iwe moja, kisha upime. Usiipime kabla ya kuitikisa, na usiongeze maji ndani ya chupa. Kama kile kilichotua chini kimekuwa kigumu kama saruji na hakirudi, au kama tarehe imepita, usiitumie.

Swali: Kaka mtaalamu, naandika kutoka Manzese nikiwa bado natetemeka. Kunguni walituzidi. Kijana anayepita na kipaza sauti akitangaza dawa ya mende, kunguni na panya alinipimia dawa kwenye chupa ndogo ya maji ya kunywa, akaniambia nichanganye na maji nipake kitanda na godoro. Ilikuwa nyeupe kama maziwa, ikinuka mafuta ya taa na kitu kama kitunguu saumu kilichooza. Usiku ule mwanangu wa miaka mitatu alianza kutokwa na mate mengi, jasho na kutapika. Tulimkimbiza hospitali na Mungu ashukuriwe amepona. Daktari alisema ni sumu ya shambani. Kunguni bado wapo. Nitumie nini?

Jibu: Dada yangu, pole sana, na namshukuru Mungu pamoja nawe. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na ningependa wazazi wote wa mtaani kwako waisome.

Weupe ule wa maziwa na ile harufu ya mafuta ya taa vinaonyesha kwamba ulipewa EC, na dalili za mtoto, yaani mate, jasho na matapishi kwa pamoja, hufanana sana na dalili za sumu za jamii ya oganofosfati, ambazo pia huifanya mboni ya jicho isinyae kama tundu la sindano na misuli ichezecheze. EC hutengenezwa ili izimuliwe kwa maji mengi na kupuliziwa mahali pa wazi, ambapo jua, upepo na mvua huivunja kwa siku kadhaa. Chumbani hakuna jua wala mvua. Mafuta yake yalinywewa na sponji ya godoro, yakawa yanapanda hewani usiku kucha kutokana na joto la miili yenu, na mafuta hayo hayo husaidia sumu kupenya ngozi kwa urahisi kuliko unga au punje zingefanya. Mtoto mdogo, mwenye ngozi nyororo na mwili mwepesi, huumia kwa kiasi ambacho mtu mzima angekihisi kama kichwa kuuma tu.

Godoro hilo, hata kama linauma mfukoni, msililalie tena. Usimpe mtu, na kabla ya kulitupa lichane vipande ili asije mwingine akaliokota. Mbao za kitanda zioshwe kwa maji ya sabuni zaidi ya mara moja, mwoshaji akiwa amevaa glovu, na madirisha yaachwe wazi siku kadhaa. Shuka na nguo zilizoguswa zifuliwe peke yake. Kilichobaki ndani ya ile chupa kisimwagwe mtaroni wala chooni. Kifunge, kiandike kwa maandishi makubwa kwamba ni sumu, kiweke mbali na watoto, na umuulize ofisa afya wa kata pa kukipeleka.

Kwa wasomaji wengine, jambo hili likitokea nyumbani: mvue mgonjwa nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, mpeleke penye hewa safi na mkimbizeni hospitali mkiwa na chupa yenyewe mkononi, hata kama haina lebo, kwa sababu harufu na rangi humsaidia daktari. Aliyemeza dawa yenye mafuta asitapishwe kwa nguvu, kwani mafuta hayo yakipanda tena huingia kwenye mapafu na kuyaharibu. Najua desturi yetu ya kumnywesha maziwa mtu aliyekula sumu. Maziwa hayaui sumu hizi, yanapoteza dakika, na mgonjwa aliyelegea anaweza kupaliwa nayo.

Kuhusu kunguni wenyewe, kinachowaua kwa uhakika ni joto. Mdudu na mayai yake hawastahimili nyuzi joto 50 za Selsiasi na kuendelea, kwa hiyo maji yanayochemka yakimiminwa kwenye viungo vya kitanda, pasi ya moto kwenye mishono ya shuka na mapazia, na nguo kufuliwa kwa maji ya moto vitafanya kazi ambayo dawa ya mtaani haikuifanya. Ziba nyufa za ukuta na mbao. Rudia kazi yote baada ya siku kumi hivi, kwa kuwa mayai yaliyonusurika yatakuwa yameanguliwa, na uirudie tena baada ya hapo. Jua pekee halitoshi, maana kunguni hukimbilia upande wenye kivuli. Ukihitaji dawa, nunua iliyofungwa kiwandani na ambayo lebo yake inasema wazi kuwa ni ya matumizi ya ndani ya nyumba na kwa kunguni. Nikuambie mapema kwamba kunguni wa miji mingi wamezoea dawa za jamii ya pairethroidi, kwa hiyo usiitumie bila yale maji ya moto.

Kila kiuatilifu kinachouzwa nchini kinapaswa kuwa kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao makuu Arusha, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Lebo yake hubeba namba ya usajili, jina la kiambata, umbo lake na utepe wa rangi chini: nyekundu kwa sumu kali zaidi, kisha njano, bluu na kijani. Anayekupimia dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa amekunyang'anya taarifa hizo zote kwa mkupuo mmoja, na ameiweka sumu ndani ya chombo ambacho mtoto yeyote wa Dar es Salaam hukichukua na kukipeleka mdomoni.

Swali: Nyumbani kwetu Kagera maofisa wa malaria walipulizia kuta dawa iliyoacha madoa meupe. Mimi hapa Tabata nimeona fundi akipulizia dawa ya maji isiyoacha doa lolote. Ipi bora?

Jibu: Kwa ukuta wa udongo, tofali au saruji isiyopakwa rangi, yenye kuacha doa ina faida kubwa. Mbu hutua ukutani akishakunywa damu, na inatakiwa akanyage dawa akiwa hapo. EC ikipuliziwa juu ya ukuta unaonyonya huingia ndani pamoja na mafuta yake, na baada ya muda mfupi mbu hutua juu ya ukuta mkavu. Unga wa WP hauwezi kupenya vitundu vya ukuta; hubaki juu, nao ndio huo uliouona kama doa. Kuna umbo jingine, CS, ambamo kiambata kimefungwa ndani ya vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoachia sumu kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Pirimifosi-methili ya CS imetumika katika upuliziaji wa majumbani hapa nchini. Muulize fundi wako jina la dawa na herufi zake kabla hajaingia ndani, na kama hawezi kukuonyesha lebo, mwambie arudi siku atakayokuwa nayo.

Swali: Nimeletewa magunia manne ya mahindi kutoka Songea, nayahifadhi chumbani Kimara kwa kuwa sina stoo. Dumuzi wameanza. Jirani amenishauri nitie vidonge vya kufukizia, eti ni rahisi kuliko unga.

Jibu: Usivitie. Naomba uache kusoma hapa kwanza, na kama umeshavinunua uvitoe chumbani vikiwa vimefungwa, ndipo uendelee.

Vidonge hivyo huwa ni alumini fosfaidi. Kikikutana na unyevu wa hewa, kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi ya fosfini, na gesi hiyo haiui dumuzi peke yao. Haina rangi, hupita chini ya mlango na kwenye nyufa za ukuta hadi chumba cha jirani, na haina dawa ya kuiondoa mwilini. Wengine huisikia harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini kutokuisikia si salama. Ufukizaji ni kazi ya watu waliosomea na walioidhinishwa, katika maghala yanayofungwa, yasiyolalwa na mtu wala mnyama, na yanayofunguliwa na kupitishwa hewa baadaye. Chumba cha kulala hakiwezi kuwa ghala la namna hiyo hata ukihama kwa usiku mmoja.

Unga ambao jirani ameudharau ni umbo la DP. Kiambata chake ni kidogo sana. Mfano wa mchanganyiko uliozoeleka ni pirimifosi-methili asilimia 1.6 pamoja na permethrini asilimia 0.3, na sehemu kubwa iliyobaki ni udongo laini wa kubebea. Huchanganywa moja kwa moja na mahindi yaliyopukuchuliwa na kukauka, bila maji, kwa kipimo cha lebo, nje ya nyumba, ukiwa umefunika pua na mdomo. Usichukue EC ya shambani ukainyunyizia mahindi kwa kudhani nayo itafanya kazi ya unga. Kwa mtu anayelala na mahindi yake, hata hivyo, mimi ningependelea mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo haihitaji dawa yoyote: mahindi yakiwa makavu sawasawa na mifuko ikifungwa vizuri, dumuzi hukosa hewa na kufa humo humo. Chekecha kwanza mahindi yako ili kupunguza walioingia.

Swali: Nakaa Mbagala, lakini nina mikorosho sitini huko Mkuranga. Tangu ujana wangu napulizia salfa ya unga kwa ajili ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa maua. Vijana wananiambia siku hizi ni dawa ya maji. Je, salfa imepitwa na wakati?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Salfa haijapitwa. Ubwiriunga ulipojitokeza kwenye mikorosho yetu mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuenea, unga wa salfa ndio uliookoa mashamba mengi, na mpaka leo una sifa moja ambayo dawa ya maji haina: hauhitaji maji. Kwa mtu ambaye kisima chake kiko mbali na shamba, hilo ni jambo kubwa.

Gharama yake iko kwenye upepo. Unga mkavu hauna kinachoushikilia hewani wala kwenye ua, kwa hiyo sehemu kubwa hupeperuka na kutua chini au shambani kwa jirani. Salfa ikifika udongoni hugeuka kuwa asidi, na miaka ikienda asidi hiyo huongezeka kwenye mchanga wetu wa pwani, ambao hauna nguvu ya kuizuia, hata mahindi na jamii ya kunde unazopanda chini ya mikorosho zikaanza kudhoofu. Dawa za maji, kwa mfano zenye triadimenoli au heksakonazoli, huingia ndani ya tishu za mmea, hivyo mvua ya ghafla au umande mzito hauziondoi zote, na mzunguko wake ni wa majuma matatu badala ya mawili ya salfa. Kwa upande mwingine, ukungu huweza kuzizoea ukitumia moja hiyo hiyo miaka yote, jambo ambalo halijawa tatizo kwa salfa.

Kama shamba langu lingekuwa kama lako, ningepima umbali wa maji kwanza. Kwa blowa, yaani mashine ya kupulizia kwa nguvu ya upepo, dawa ya maji huhitaji kiasi cha lita moja au zaidi ya mchanganyiko kwa mkorosho uliokomaa, kwa hiyo mikorosho sitini ni madumu matatu au manne kwa mzunguko. Ukiweza kuyafikisha, tumia dawa ya maji kwa mikorosho iliyo karibu na nyumba, kisima na mazao mengine, na salfa kwa ile ya mbali. Usivichanganye viwili hivyo ndani ya tangi moja la blowa, kwani vifaa vya kupulizia unga na vya kupulizia maji hutofautiana.

Vyovyote utakavyochagua, anza machipukizi ya maua yanapoanza kutokeza, usisubiri hadi uone weupe kwenye maua. Salfa ipuliziwe alfajiri, wakati umande bado uko kwenye majani na unaweza kuushika unga, na kazi iishe kabla upepo wa bahari haujaanza kuvuma. Vaa miwani inayoziba pembeni na barakoa, kwa kuwa salfa huchoma macho na kifua, na asiwepo mtu wa kuvuta sigara karibu, maana unga wake hushika moto. Kijana atakayekushikia blowa asimame daima upande unakotoka upepo, na akimaliza aoge kabla hajala.